Saa Kumi na Nane kwa Wiki: Nilivyohudumia Vitabu Huria katika Maktaba ya Chuo Kikuu

Kosa langu la kwanza lilikula saa tisini za kazi, na kwa malipo ya shilingi 600 kwa saa hizo ni shilingi 54,000 za mradi ambao haukuwa na fedha za kuchezea. Nalitanguliza hapa kwa sababu tangu nimalize kazi ile nimeulizwa na vijana kadhaa wa ukutubi, wengi wao wakiwa wamepewa kandarasi kama yangu katika vyuo vikuu vya Nairobi na viunga vyake, kazi yenyewe huanzia wapi; nami kila mara hujikuta nikiwaeleza kwanza mahali ambapo haipaswi kuanzia.

Mnamo Januari 2023, maktaba ya chuo kikuu kimoja jijini, ambacho sitakitaja jina, ilipata fedha kidogo za mfadhili wa nje ili kugeuza maandishi ya kozi mbili za mwaka wa kwanza, moja ya fiziolojia na nyingine ya takwimu, yawe nyenzo huria za elimu. Istilahi hiyo, iliyozaliwa katika mkutano wa UNESCO jijini Paris mwaka 2002, ina maana nyembamba kuliko wengi wanavyodhani. Kitu kupatikana bure mtandaoni hakukifanyi kuwa huria. Kinakuwa huria pale mwenye hakimiliki anapowaruhusu watu wote, kwa maandishi, wakihifadhi, wakitumie, wakirekebishe, wakichanganye na kazi nyingine na kukigawa. Nilikuwa nimeisoma fasili hiyo darasani na kuijibia mtihani, na bado niliingia kazini kana kwamba sijawahi kuisikia.

Nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili na sikuwa na kipato kingine, kwa hiyo kandarasi ya miezi tisa, ya Jumatatu, Jumanne na Alhamisi, saa sita kila siku, niliipokea kwa shukrani. Haja ya mradi wenyewe haikuhitaji kuhubiriwa. Kitabu cha takwimu kilichopendekezwa kwa kozi ile kilikuwa na nakala nne tu katika sehemu ya mikopo ya muda mfupi, kila moja ikikopeshwa kwa saa mbili, ilhali kozi ilikuwa na wanafunzi zaidi ya mia tatu. Waliokosa walivuka barabara hadi kwenye vibanda vya fotokopi, ambako sura moja ilikuwa imetolewa nakala ya nakala ya nakala, hata grafu zikawa madoa meusi.

Mhadhiri wa fiziolojia alinikabidhi flashi yenye kurasa 212 za maandishi aliyoyakusanya kwa zaidi ya miaka kumi. Nilianza mara moja kile nilichokiona kuwa kazi: nikasawazisha vichwa vya sura, nikaunda orodha ya yaliyomo, nikachagua herufi zinazosomeka vizuri kwenye simu, nikapanga picha moja baada ya nyingine mahali pake. Wiki ya tano msimamizi wangu, mkutubi wa siku nyingi aliyebakiza miaka michache kustaafu, alisimama nyuma ya kiti changu akaitazama skrini.

“Hiyo figo tumeitoa wapi, mwanangu?”

Sikujua. Nilimpigia mhadhiri simu.

“Daktari, samahani kwa kukusumbua. Ile picha ya figo katika ukurasa wa 40, uliitoa wapi?”

“Mtandaoni.”

“Tovuti gani, Daktari?”

“Google.”

Alasiri ile nilihesabu picha zote. Zilikuwa 96. Kati ya hizo, 61 hazikuwa na chanzo chochote, 22 zilikuwa zimeskaniwa kutoka vitabu vya wachapishaji wa kibiashara, baadhi zikiwa bado na namba za kurasa pembeni, na 13 tu ndizo alizozichora mwenyewe. Mhadhiri hakuwa amefanya jambo la ajabu. Sheria humpa mwalimu nafasi ya kutumia kazi za watu kwa kiasi fulani anapofundisha, na kwa miaka yote hiyo picha zile zilikuwa zimekaa ndani ya nafasi hiyo. Sisi ndio tuliotaka kuzitoa nje na kuzibandika leseni inayowaambia walimwengu, chukueni. Mbuzi wa jirani akilala uani kwako kwa mapatano, hujapata ruhusa ya kumchinjia wageni.

Karibu mpangilio wote niliokuwa nimeuhangaikia ulivunjika, kwa sababu picha zikibadilika kurasa nazo huhama. Nilikwenda nyumbani Kahawa West nimesimama ndani ya matatu nikiwaza namna ya kumweleza msimamizi wangu kwamba mwezi mzima na zaidi ulikuwa umepotea. Asubuhi yake nilipomweleza alisema tu kwamba alikuwa ameuliza mapema kadiri alivyoweza, na kwamba mimi ningemwita wiki ya kwanza kama ningejua cha kuuliza.

Basi tukaanza upya na lahajedwali. Kila picha, jedwali na zoezi lililochukuliwa mahali lilipewa mstari wake: ukurasa, maelezo mafupi, chanzo, mwandishi, leseni, na uamuzi, ambao ulikuwa mmoja kati ya minne: bakiza, badilisha, chora, ondoa. Picha 41 tulizibadilisha kwa kutumia kitabu cha Anatomy and Physiology cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice kule Marekani, ambacho tulikitumia chini ya leseni ya CC BY, yaani leseni ya Creative Commons inayodai tu aliyeitengeneza kazi atajwe, na pia Wikimedia Commons, hazina ya picha na faili huria mtandaoni, ambako ni lazima usome leseni ya kila faili peke yake kwa kuwa mbili zilizopakana zinaweza kuwa na masharti tofauti kabisa. Picha 19 zilichorwa na mwanafunzi wa sanaa kwa shilingi 400 kila moja. Zile 23 zilizobaki tuliziondoa, na hadi leo hakuna mwanafunzi aliyeziulizia, jambo linalonifanya nishuku kwamba nyingi zilikuwa mapambo.

Utambuzi wa chanzo tuliuweka chini ya kila picha papo hapo, ukiwa na mambo manne: jina la kazi, aliyeitengeneza, mahali ilipotoka na leseni yake. Nasisitiza papo hapo kwa sababu mhadhiri mwingine akiichomoa sura moja na kuitumia kwake, orodha iliyojaa ukurasa wa mwisho haitamfuata. Picha uliyoirekebisha, kwa mfano kwa kutafsiri majina ya viungo au kukata pembe, sema umeirekebisha.

Kosa la pili halikupoteza saa nyingi, ila lilinitia aibu mbele ya watu. Nilikuwa nimeandaa fomu fupi ambayo wahadhiri wawili walitia sahihi kukubali maandishi yao yatolewe kwa leseni huria. Mwanasheria wa chuo aliisoma, akaniuliza kwa upole kama nilikuwa na hakika kwamba waliotia sahihi ndio wenye mali. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001, kazi ambayo mwajiriwa ameitengeneza katika utumishi wake huhesabiwa kuwa hakimiliki yake imehamia kwa mwajiri, na kazi iliyoagizwa huhamia kwa aliyeiagiza, isipokuwa pande mbili zimepatana vinginevyo. Maana yake ni kwamba fomu yangu ilikuwa imesainiwa na watu ambao huenda hawakuwa na uwezo wa kutoa walichokitoa. Ilibidi barua iandikwe kwa ofisi ya naibu chansela, na jibu lilichukua wiki saba.

Wiki saba si nyingi kwa ofisi kubwa, lakini kwa mtu mwenye kandarasi ya miezi tisa ni kipande kinachouma. Kwa hiyo barua ya hakimiliki iandikwe wiki ya kwanza, isubiri mezani kwa wakubwa wakati wewe unajaza lahajedwali. Itaje leseni yenyewe kwa jina na toleo, kama vile CC BY 4.0, kwa sababu neno “huria” peke yake kila anayelisoma hulipa maana aipendayo. Mwanafunzi aliyetuchorea naye tulipatana naye kwa maandishi, ingawa kazi iliagizwa na kulipiwa, ili jina lake litajwe na asije akashangaa siku atakapoiona michoro yake kwenye kitabu cha chuo kingine.

Wahadhiri wenyewe walikuwa na hofu ambazo mwanzoni niliziona kuwa visingizio. Yule wa takwimu aliniuliza kantini, akiwa bado hajagusa chai yake, nini kingetokea akibadili nia baada ya miaka miwili. Jibu la kweli ni kwamba leseni za Creative Commons haziwezi kufutwa kwa yule aliyekwisha kuipata kazi chini yake. Unaweza kuacha kuigawa wewe, lakini zilizokwisha kutoka zimetoka. Nilimwambia hivyo, naye akaomba wiki mbili za kufikiri. Mwenzake wa idara hiyohiyo, ambaye tulitumaini angetoa sura moja, alikataa kabisa baada ya kuusikia ukweli huo, na nadhani alikuwa na haki. Afadhali kukataliwa Februari kuliko kulaumiwa Novemba.

Jambo ambalo bado linanichoma ni la mkutano wa idara, mwezi wa Machi, niliposimama na kusema kwa sauti ya mtu mwenye uhakika kwamba kumwuzia mwanafunzi maandishi ya somo ni kumnyonya. Ukumbi ulikaa kimya. Baadaye msimamizi wangu alinieleza kwamba kati ya waliokuwapo walikuwamo wahadhiri wa muda ambao malipo yao huchelewa kwa mihula mizima, na kwamba pesa kidogo inayotoka kwenye kibanda cha fotokopi ndiyo nauli ya baadhi yao. Mimi mwenyewe wakati ule nilikuwa sijalipwa tangu Januari, tena nilikuwa nakula kwa mkopo wa dada yangu, na bado sikuwaza kwamba mtu mwingine ndani ya chumba kile anaweza kuwa katika hali hiyohiyo. Nilikwenda kuwaomba radhi watatu kati yao. Kabla ya kumwomba mtu atoe kazi yake bure, ni vyema ujue inamlisha nini.

Suala la leseni ipi lilituchukua mikutano mitatu, na naona linastahili nafasi kubwa kuliko inayopewa na miongozo mingi iliyoandikwa mbali na hapa. Mhadhiri wa takwimu alitaka leseni yenye sharti la kutotumika kibiashara, ile inayoandikwa CC BY-NC, kwa kuwa alikuwa amechoka kuona watu wakiyauza maandishi yake. Nilimwunga mkono. Kisha nikapeleka sura ya majaribio kwenye kibanda kimoja kilicho karibu na lango, nione ingetokaje kwenye mashine yao, na mwenye kibanda akasoma ukurasa wa kwanza kwa makini kuliko nilivyotarajia.

“Dada, hapa pameandikwa kisitumike kibiashara. Nikikitoa kwa shilingi tatu ukurasa, mimi nafanya nini kama si biashara?”

Nilirudi maktabani nikasoma. Mwaka 2018 mahakama ya rufaa ya Marekani iliyoko New York iliamua kesi ya Great Minds dhidi ya FedEx Office, ambapo shule zilipeleka nyenzo zenye leseni ya CC BY-NC-SA (hiyo SA hudai kazi itokanayo nayo itolewe kwa masharti yaleyale) zikanakiliwa kwa malipo. Mahakama ilisema duka lililonakili kwa maagizo ya shule halikuvunja leseni, kwa kuwa aliyekuwa akizitumia nyenzo hizo ni shule, na matumizi yake hayakuwa ya kibiashara. Uamuzi huo hauifungi mahakama ya Kenya, lakini unasaidia kufikiri: mwanafunzi akija na faili yake na kuomba atolewe nakala, ni jambo moja, mwenye kibanda akitoa nakala thelathini kwa hiari yake na kuzipanga rafu akisubiri wateja, ni jambo jingine.

Tatizo ni kwamba hilo la pili ndilo tulilolihitaji zaidi. Wiki ya kwanza ya muhula, mwanafunzi aliyetoka mashambani akiwa na simu ndogo isiyo na bando atakisoma kitabu chetu kwenye karatasi au hatakisoma. Anahitaji kukikuta kibandani kimekwisha kuchapwa, wala hana haja ya mwenye kibanda aliyeingiwa hofu na ukurasa wetu wa kwanza. Tulimweleza mhadhiri kwamba faili ikipatikana bure maktabani, bei ya kibandani haiwezi kupanda mbali na gharama ya karatasi na wino, kwa maana anayepandisha atamwona mteja akivuka kwenda kwa jirani yake mwenye faili ileile. Alikubali CC BY bila furaha. Sisemi kwamba leseni hiyo ndiyo bora popote, ila kabla ya kuchagua, nenda kibandani kwanza.

Katika takwimu pia tulikuta mchanganyiko usiochanganyika. Mhadhiri alikuwa amejenga kitabu juu ya Introductory Statistics ya OpenStax, ambayo toleo tulilolitumia lilikuwa na CC BY, na hapo hapakuwa na shida. Lakini ndani ya sura ya tatu alikuwa amesuka pamoja vipande vya Wikibooks, vyenye CC BY-SA, na vya kitabu cha Calculus cha OpenStax, chenye CC BY-NC-SA. Leseni hizo mbili kila moja inadai kwamba kazi mpya iliyotokana nayo itolewe kwa masharti yake yaleyale, na moja inaruhusu biashara ilhali nyingine inaikataza, kwa hiyo hakuna leseni moja inayoweza kuzitii zote. Vipande vya Wikibooks mhadhiri aliviandika upya kwa maneno yake na mifano yake. Marudio ya hesabu, yale yaliyotoka kwenye Calculus, tuliyatoa yakawa kijitabu kando chenye leseni yake. Zilikwenda saa kumi na nne ambazo zingeokolewa na safu moja ya lahajedwali iliyojazwa kabla ya mhadhiri kuanza kusuka.

Mambo mengine nayapitia kwa haraka. Faili ya kwanza ya fiziolojia ilikuwa na ukubwa wa megabaiti 148, mzigo ambao bando ya siku ya mwanafunzi isingeubeba. Tulipopunguza picha ikashuka hadi 19 bila mtu kulalamika. Mwanafunzi mmoja asiyeona alitujaribia kitabu kwa NVDA, programu ya bure inayosoma skrini kwa sauti, na kila ilipofika kwenye jedwali lililoskaniwa ilitamka kwamba hapo pana picha, basi. Majedwali yote yakaandikwa upya kama majedwali, na kila picha ikapewa maelezo ya maneno. Kenya imejiunga na Mkataba wa Marrakesh tangu 2017, nao unaruhusu kazi zenye hakimiliki zigeuzwe kwa ajili ya wasioona, lakini ni huzuni kuandaa kitabu kipya, cha bure, na kukifunga tena kwa uvivu wa kuandika sentensi mbili chini ya mchoro. Na unapowapa watu anwani ya kitabu kilichowekwa kwenye DSpace, programu ambayo maktaba huitumia kuhifadhi kazi za kidijitali, wape ile anwani ya kudumu inayotolewa na mfumo wenyewe, si ile inayoonekana juu ya kivinjari. Maktaba yetu ilibadilisha seva mwezi wa Julai na anwani nilizokuwa nimezituma zikafa zote.

Kuhusu fedha nitakuwa wazi, maana hakuna aliyenieleza. Mkataba ulihesabu saa 72 kwa mwezi, yaani shilingi 43,200. Malipo ya Januari, Februari na Machi yalikuja pamoja katikati ya Aprili, kwa sababu ankara zangu mbili za kwanza zilirudishwa kwa kukosa karatasi ya saa iliyotiwa sahihi na msimamizi. Ile karatasi iombwe siku unayosaini mkataba. Jumatatu za maandamano za mwezi huohuo wa Machi sikuweza kufika mjini, nami nilizifidia Jumamosi, ambapo hapakuwa na mtu wa kuuliza lolote.

Kwa kuwa nililipwa kama mshauri na si mwajiriwa, asilimia 5 ilizuiwa kila mwezi kama kodi, nami nilidhani hapo kodi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Kwa miezi tisa nilipata shilingi 388,800. Nilipojaza ritani kabla ya tarehe 30 Juni 2024, kodi ya mwaka mzima baada ya nafuu ya mtu binafsi ilikuwa shilingi 25,240, iliyozuiwa ilikuwa 19,440, na tofauti ya shilingi 5,800 niliitafuta nikiwa sina kazi. Weka kando kidogo kila mwezi, na hakikisha kila cheti cha kodi iliyozuiwa kimeonekana kwenye akaunti yako ya iTax kabla hujaondoka, maana kumfuatilia karani wa fedha ukiwa nje ya lango ni kazi nyingine isiyolipwa.

Saa zenyewe zilinishinda kuanzia Juni. Niliandika kwenye daftari saa nilizofanya kweli: wiki moja 25, nyingine 27, na wiki moja ya Julai 31. Nilijivunia daftari lile hadi nilipomwonyesha msimamizi wangu. Alilifunga akanirudishia.

“Usinipe saa za bure. Nikizipokea, mwakani mfadhili ataandika saa kumi na nane zilezile, na atakayekuja baada yako atazikuta si kweli.”

Tulikaa tukakata kazi. Sura mbili za fiziolojia ziliahirishwa, na katika ripoti tukaandika saa zilizohitajika kwa kila sura, zikiwamo zile nilizozificha. Nakiri kwamba nilizificha kwa kuogopa kuonekana mzembe, na kwamba mtu wa kazi ya muda hana kinga nyingi dhidi ya hofu hiyo. Mapendekezo ya UNESCO kuhusu nyenzo huria, yaliyopitishwa Novemba 2019, yana maeneo matano, na moja ni kutafuta namna ya kuufanya mradi udumu. Nilikuwa nimeyanukuu manne kwa ufasaha katika wasilisho langu la kwanza. Hilo la kudumu nililiruka kwa kukosa muda.

Adhabu ya kuliruka ilikuja polepole. Faili zote za kuhaririwa zilikuwa kwenye kompyuta yangu na kwenye akaunti yangu binafsi ya mtandaoni, kwa sababu akaunti ya maktaba ilihitaji maombi ya wiki mbili na mimi nilikuwa na haraka. Usiku wa Ijumaa, tarehe 25 Agosti 2023, umeme ulipokatika karibu nchi nzima, nilikuwa nyumbani nikipakia toleo la mwisho la takwimu, na kwa saa kadhaa gizani sikujua kama nakala ya pekee yenye masahihisho ya mhadhiri ilikuwa salama. Ilikuwa salama. Badala ya kuzinduka, nilimshukuru Mungu nikaendelea vilevile. Septemba ilipokwisha, nilichoiachia maktaba ni PDF mbili nadhifu, lahajedwali la vyanzo, na barua ya kuaga.

Januari 2024 mwanafunzi alikuta tarakimu mbili zimebadilishana mahali katika jedwali la uwezekano. Mhadhiri alitaka kusahihisha, akakuta ana PDF tu. Kitabu tulichokiita huria hakikuweza kurekebishwa na mtu aliyekiandika. Nilipanda matatu hadi mjini, bila malipo safari hii na kwa haki, nikiwa na flashi yenye faili zote, tukaziweka kwenye DSpace kando ya PDF, ambako zilipaswa kuwa tangu mwanzo.

Mwenye kandarasi mpya, kijana aliyekuwa na wiki mbili kazini, alikuwa amenisubiri na lahajedwali langu limefunguliwa. Alikuwa ameongeza safu ya tarehe, na alikuwa amefika kwenye mazoezi ya takwimu. Mistari kumi na minne katika safu ya chanzo ilikuwa na herufi mbili tu: MM.

“Madam, hii MM ni nini?”

Nilitazama kwa muda mrefu. Ingeweza kuwa mazoezi ya mhadhiri, na ingeweza kuwa maswali ya mitihani, na wenye haki juu ya hayo mawili huenda si wamoja. Mhadhiri, aliyekuwa amekaa pembeni akisahihisha jedwali lake, hakukumbuka pia. Kijana alisogeza kishale hadi safu ya uamuzi, akanitazama, na katika mstari wa kwanza akaandika: ondoa.